Ngoja Turbo Ipoe

Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025. Mvua ya masika ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika ghafla watu wakiwa bado wanakunywa chai, na jua likatoka kali mpaka barabara za Ngamiani zikafuka mvuke. Sokoni Mgandini matope yalifika kwenye vifundo vya miguu. Lea Castory alikuwa amekunja gauni lake la kitenge cha bluu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulibeba trei za mayai zilizopangwa moja juu ya nyingine na kufungwa kamba. Moyoni alikuwa akisali sala fupi ya wapika keki wote: Bwana, nifikishe salama.

Njia ya kutokea ilikuwa moja, kati ya duka la unga na ukuta wa stoo. Na katikati ya njia hiyo lilikuwa limesimama gari.

Lilikuwa gari dogo, manjano iliyokolea, paa jeusi, limekaa chini kana kwamba linatafuta kitu lilichodondosha. Magurudumu yake yalikuwa mapana kuliko ulivyostahili mwili ule. Nyuma lilikuwa na bomba mbili za moshi, moja kila upande, na juu ya kioo cha nyuma bapa la plastiki lililochomoza kama ukingo wa kofia. Injini ilikuwa inanguruma taratibu. Ndani alikaa mwanamume wa umri wa Lea, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, mikono juu ya usukani, hafanyi lolote.

Lea alingoja. Mwanamume naye akangoja. Lea akagonga kioo.

"Kaka, unatoka au unaingia?"

Kioo kikashuka. "Nimeshafika, dada yangu. Nangoja turbo ipoe."

"Unangoja nini?"

"Turbo. Nimetoka nalo Pongwe mbio mbio. Nikizima sasa hivi mafuta yanaungulia ndani yake. Dakika moja au mbili, basi."

"Kwa hiyo mimi na mayai yangu tusimame hapa tuangalie gari likipumua?"

"Ukilisema hivyo linaonekana jambo baya."

"Nilisemeje, lionekane zuri?"

Nyuma ya Lea mtu mwenye toroli la viazi alipaza sauti: "Wewe bwana! Hebu ondoa embe lako njiani!" Watu wakacheka. Mwanamume hakuondoa. Alitazama mishale kwenye dashibodi kwa makini ya daktari, mpaka moyo wake ukaridhika. Ndipo akazima, akashuka. Alikuwa mrefu kiasi cha kuchekesha. Paa la gari lake lilimfika kifuani.

"Sasa lisogeze," Lea akasema.

"Nikiwasha tena..."

"Usithubutu kumaliza hiyo sentensi."

Akatabasamu, akanyoosha mikono juu ya paa. "Basi nipitishie mayai kwa juu, wewe pita pembeni. Faida ya gari fupi ndiyo hii."

Lea hakuwa na njia nyingine. Akampa. Akajibana kati ya kioo cha pembeni na ukuta, gauni likashika matope, na alipofika upande wa pili yai moja lilikuwa limepasuka, linateleza juu ya paa jeusi. Mwanamume alilifuta kwa mkono wa shati lake jeupe, bila hata kufikiri. Lea alitaka kumwonea huruma, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

"Mayai yote haya unafanyia nini, dada?"

"Napika keki."

"Tobaa! Mpwa wangu anapokea komunyo ya kwanza mwezi ujao, na dada yangu ananisumbua nimtafutie mpishi. Nipe namba. Naitwa Tadeo, fundi majokofu."

"Kazi yako ni kupoza vitu?"

"Ndiyo."

"Basi anza na hilo gari lako," Lea akasema. Lakini namba alimpa.

*

Lea alikuwa na miaka thelathini na miwili. Alipanga chumba na jiko uani kwa Bi Mwanamkasi, mama wa Kidigo pale Mabawa, na kila jioni alifunga aproni akaenda darasani, kwa kuwa kidato cha nne kilimpita alipokuwa binti akichuma chai na wazazi wake kule Amani. Alikuwa mtu wa kusali. Alimwomba Mungu hisabati, alimwomba unga usipande bei, na kwa aibu kidogo alimwomba mume. Mungu alikuwa amejibu maombi mawili ya kwanza kwa kiasi.

Siku ya komunyo Tadeo alikuja mwenyewe kuchukua keki. Bi Mwanamkasi alitoka kibarazani, akalizunguka lile gari mara mbili akiwa ameshika kanga yake kifuani.

"Mwanangu, hili ni gari au kiatu?"

"Gari, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Na miguu yako mirefu hiyo unaiweka wapi, kwenye buti?"

Keki ilikuwa ya ghorofa tatu, nyeupe, yenye kalisi ya sukari, kikombe cha misa, kileleni. Lea aliipakata. Kiti chekundu kilimbana mbavu pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza aliona ndani: usukani uliokatwa bapa upande wa chini, gia sita za mkono, nyuzi nyekundu zilizoshonwa safi kuliko za fundi cherehani yeyote wa mtaani.

"Nakuapia," alisema, "likiruka tuta moja tu, nakuvika hii keki kichwani."

"Halitaruka."

Na kweli halikuruka. Tadeo alikwenda polepole mpaka bodaboda zikawapita, kisha baiskeli, kisha mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa ambaye aliwapungia mkono kwa huruma. Ili kumtuliza Lea alimweleza habari za gari. Injini yenyewe ndogo, alisema, ya cc 1400, na gari zima halifiki hata tani moja. Ila moshi unaotoka haupotei bure; unapita kwenye feni, ndiyo turbo yenyewe, feni inazunguka, inasukuma hewa kwa nguvu irudi ndani, moto unakolea, na gari dogo linapata nguvu za gari kubwa.

"Kama mtu anapepea jiko la mkaa," Lea akasema.

"Hasa! Ila linajipepea lenyewe. Ukikanyaga linanyamaza kidogo, kama mtu anavuta pumzi. Halafu linakusukuma mgongoni hivi... Siku moja nitakuonyesha."

"Si leo."

"Si leo, mama keki."

Aliongea macho yakiwa yanang'aa, na Lea alijikuta anamtazama yeye badala ya keki. Walipofika Pongwe, Tadeo alisimamisha gari mbele ya nyumba ya dada yake, akazima papo hapo, akashuka, akawasalimia wazee waliokaa chini ya turubai mmoja mmoja, akaja kumfungulia Lea mlango. Kalisi ilikuwa imesimama wima.

Hapo ndipo Lea alipompenda. Alimshukuru Mungu jioni ile kwa maneno mengi, na hakujua kwamba shida bado inakuja.

*

Kwa maana kumpenda Tadeo kulikuwa kumpenda Tadeo na gari.

Alimpenda kwa simu zake za mchana. "Laazizi, umekula?" "Nimekula." "Umekula nini?" "Keki iliyoungua." "Nije na samaki?" "Njoo. Ila uje wewe, usije na kelele." Alikuja na samaki, na kelele. Akiwa darasani Lea alimsikia tangu barabara kuu: mngurumo, kisha akiachia mafuta ule mlio wa *pshhh*, kama sufuria kubwa la presha lililofunguliwa kifuniko. Mwalimu alisimama katikati ya neno. Darasa zima, watu wazima wenye watoto wao, lilicheka. "Lea, shemeji huyo!"

Kulikuwa na matuta. Pale mbele ya shule kulikuwa na tuta kubwa ambalo tumbo la gari lililikwaruza kukiwa na mtu wa pili ndani; basi Tadeo alimwomba mpenzi wake ashuke, avuke tuta kwa miguu, apande tena upande wa pili. Jumapili Lea alilivuka akiwa na gauni la satini la rangi ya maziwa na viatu vya kisigino, watu waliotoka misa wakimtazama.

"Unajua wananionaje?" alimwambia akifunga mlango. "Kama mzigo uliozidi uzito."

"Malkia hushuka, gari lake likapita."

"Malkia gani huyo? Mtaje jina."

Na kulikuwa na kule kungoja. Kila alipomfikisha mlangoni, Tadeo alibaki kitini, injini inanguruma, macho kwenye mishale. Lea alisimama nje akiwa na mkoba wake, hajui kama anaagwa au anasubiriwa aondoke.

"Ingia basi unywe chai."

"Nakuja, mpenzi. Ngoja turbo ipoe."

Bi Mwanamkasi alipita na ndoo yake. "Mwanangu, mbona huyu kila siku yuko tayari kukimbia? Anadaiwa?"

Lea alicheka. Lakini jambo likichekwa kila siku huanza kuuma, na usiku alipopiga magoti alijikuta analieleza upya kwa Mungu, kwa sauti ya mtu anayeshtaki.

*

Agosti walikubaliana kwamba Tadeo akajitambulishe kwa wazazi wa Lea kabla ya kutuma mshenga. Wazazi hao walikuwa wamehamia Maramba baada ya baba, Mzee Castory, kustaafu kazi ya shamba la chai. Mzee alikuwa katekista wa kigango, mtu wa maneno machache, mgongo wake umeharibika kwa kubeba magunia. Lea alitangulia siku moja kabla. Alipika pilau, akasuka nywele upya, akavaa gauni la kijani lenye mikono ya marinda ambalo mama yake alilisifu mara tatu.

Walimsikia kabla ya kumwona. Kutoka darajani barabara inapanda mlima mfupi mpaka nyumbani, na mlima wote ule ulijaa mngurumo. Kuku walikimbia. Mbuzi wa jirani alikata kamba. Vumbi jekundu likapanda juu ya migomba, na katikati ya vumbi, *pshhh*, gari la manjano likasimama mbele ya uzio.

Mzee Castory alikuwa amesimama langoni tangu kitambo. Alikuwa amevaa koti lake la Pasaka.

Lea, mlangoni na kitambaa cha kufutia mikono, alisema kimoyomoyo: Shuka. Tadeo, shuka.

Tadeo hakushuka. Alishusha kioo, akatoa kichwa kidogo, akatabasamu kwa heshima zote. "Shikamoo, baba!"

Injini iliendelea kunguruma. Gari lilikuwa chini mno, na mzee alikuwa na mgongo mbovu. Lea alimwona baba yake akishika mti wa lango, akiinama polepole, akiinama zaidi, ili aone anasalimiwa na nani. Kisha akajinyoosha kwa taabu ile ile. Hakuitikia. Akageuka, akaingia ndani, akavua koti la Pasaka, akatokea mlango wa nyuma kwenda shambani.

Tadeo alipomaliza kungoja alizima, akashuka na zawadi ya sukari na majani ya chai, akakuta lango tupu.

"Baba yuko wapi?"

Lea alimwonyesha kwa kitambaa upande wa shambani.

Pilau Tadeo alikula na mama peke yake. Mzee hakurudi mpaka gari lilipoondoka. Jioni Lea alimfuata kibarazani, akajaribu kueleza: gari lina kifaa, kinapata moto, lazima kingojwe. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo chuma kina hadhi ya kungojwa, mimi sina."

"Si hivyo, baba."

"Lea. Miaka yote shambani kwenye chai, wakubwa walikuja na magari yao. Hawakushuka. Wanashusha kioo, injini inawaka, mimi nainama dirishani kama ninayeomba: ndiyo bwana, ndiyo bwana. Nilipostaafu nilisema, Mungu akinijalia nyumba yangu mwenyewe, langoni kwangu sitainama tena kwa mtu aliyekaa garini." Akashika kiuno. "Leo nimeinama. Kwa mkwe."

Lea alishuka uani, akampigia Tadeo simu.

"Mpenzi," Tadeo akaanza, na sauti yake nayo ilikuwa imekasirika, "nimesafiri barabara yote ile ya mashimo, nimefua shati usiku, halafu mzee ananikimbia?"

"Tadeo, hukushuka."

"Nilisalimia!"

"Ukiwa umekaa. Sikiliza, kuna kitu hukijui kuhusu baba..."

"Kitu gani? Ni dakika mbili, Lea! Turbo nikizima ya moto inakufa. Baba yako hafi kwa kungoja dakika mbili!"

Hata Tadeo mwenyewe alisikia alichosema.

"Lea? Sikumaanisha..."

"Asante," Lea akasema. "Kaa na turbo yako. Ikipoa, ioe."

Akakata simu.

*

Septemba ilikuwa ndefu. Tadeo alipiga, Lea hakupokea. Tadeo alituma ujumbe, Lea aliusoma akafuta, kisha akajuta kuufuta. Darasani mwalimu alisoma sentensi zake mpaka mwisho bila kusimama, na Lea aligundua kwa hasira kubwa kwamba anatega sikio upande wa barabara kuu. Keki mbili ziliungua. Sala yake ikawa fupi: Bwana, kama ni yeye, mfundishe adabu, kama si yeye, nifundishe kusahau. Alingoja jibu. Bwana hakuonyesha haraka yoyote.

Aliyeonyesha haraka ni Bi Mwanamkasi.

"Friji langu limekufa," alisema asubuhi moja. "Nimemwita fundi."

"Fundi gani, bibi?"

"Kwani mie nawajua mafundi wangapi?"

Lea alitaka kutoroka, lakini alikuwa na keki kwenye oveni. Akasikia hatua uani. Hakusikia gari. Tadeo aliingia na sanduku lake la vifaa, amekonda, shati lake halijapigwa pasi. Akamsalimia mama mwenye nyumba, akamtazama Lea, akainama nyuma ya friji. Alikaa huko muda mfupi sana.

"Bibi, hili limechomolewa kwenye umeme."

"Ati? Loo! Panya hao." Bi Mwanamkasi akachukua kikapu chake. "Haya, mie naenda sokoni. Hilo friji lichunguzeni vizuri, lisije likawa na ugonjwa mwingine."

Wakabaki wawili na harufu ya vanila.

"Nakuomba msamaha," Tadeo akasema. "Lile neno silali nalo. Nimeamua. Naliuza gari."

Lea aliweka chini mwiko kwa kishindo. "Yesu Maria! Nani kakwambia uliuze?"

"Nilidhani..."

"Unaona? Hapo ndipo unaponichosha! Ama gari liwe kila kitu, ama liuzwe. Nikuulize kitu. Siku ya keki, tulipofika Pongwe, ulizima papo hapo. Ukashuka, ukawaamkia wazee. Hukungoja chochote. Kwa nini?"

Tadeo akafikiri. "Kwa sababu nililiendesha polepole. Halikuwa limepata moto."

"Kwa hiyo likija polepole halihitaji kungojwa."

"Hata ukipunguza kile kipande cha mwisho tu, linapoa lenyewe njiani. Ukifika unazima."

"Na ulilijua hilo."

"...Nalijua."

"Na kwetu Maramba ulikujaje?"

Tadeo alikaa juu ya sanduku lake la vifaa, na magoti yake marefu yakapanda mpaka kifuani.

"Darajani nilirudisha gia ya pili," akasema hatimaye. "Nikalikanyaga mpaka juu. Nilitaka baba yako asikie nakuja. Mimi sina baba, Lea. Sina shamba, sina ukoo wa kujivunia. Kitu pekee nilichokitafuta kwa mikono yangu ni lile gari. Nilidhani akilisikia atajua kwamba binti yake hachukuliwi na mtu ovyo."

Hasira ya Lea, iliyokuwa imekaa vizuri tangu Agosti, ikatikisika. Akavuta kigoda, akakaa mbele yake, akamweleza habari za baba yake: wale wakubwa, vile vioo vilivyoshuka nusu, kule kuinama. Alipofika kwenye koti la Pasaka Tadeo alifunika uso kwa mikono.

"Mungu wangu. Angenitukana tu."

"Baba hatukani. Baba huenda shambani."

"Nifanye nini?"

"Mimi sikuombei msamaha. Utauomba mwenyewe. Na usiliuze gari, utakwenda nalo hilo hilo, ili aone. Nilikupenda ukinieleza vile linavyojipepea. Sitaki mume asiye na anachokipenda. Ninachotaka ni kutangulia mimi, lifuate lenyewe. Umenielewa, Bwana Turbo?"

"Nimekuelewa, mama keki."

"Na hilo shati lipige pasi. Unaniaibisha."

Keki ya tatu iliungua. Hakuna aliyejali.

*

Oktoba ni mwezi wa Rozari, na Jumapili ile jumuiya ilikuwa inasali nyumbani kwa Mzee Castory. Watu walikaa kwenye mikeka na viti vya kuazima. Mvua za vuli zilikuwa zimelaza vumbi. Lea, kando ya mama yake, alikuwa anapitisha punje za rozari vidoleni bila kujua amefika fumbo la ngapi. Safari hii hakumwambia baba yake lolote. Alimwambia Mama wa Mungu tu, na Bi Mwanamkasi, ambaye alisema lazima awepo, na kwamba ndani ya kile kiatu atajikunja mwenyewe.

Walisali mpaka "Salamu Malkia". Walipoweka alama ya msalaba ndipo Lea alipoona watu wanageuza shingo.

Gari la manjano lilikuwa linapanda mlima. Hakuna aliyekuwa amelisikia. Lilikuja mwendo wa mtu anayesukuma kitanda cha mgonjwa, likikwepa kila shimo, na jogoo aliyelala njiani alisimama, akajinyoosha, akasogea kwa hiari yake. Likafika langoni. Injini ikazimika papo hapo. Mlango ukafunguka, Tadeo akashuka, mrefu, shati jeupe, suruali nyeusi. Kwanza alikwenda upande wa pili akamsaidia Bi Mwanamkasi kutoka kitini, jambo lililohitaji mikono miwili na bismillahi moja. Kisha akaja mbele ya Mzee Castory, akasimama, akashika mikono yake pamoja.

"Shikamoo, baba."

Mzee alimtazama. Mzee hakuitikia. Alitoa leso mfukoni, akavua miwani yake akaifuta, kioo kimoja kisha cha pili, bila haraka. Tadeo aliendelea kusimama, jasho likimtoka. Lea alisema kimoyomoyo: Baba, tafadhali.

"Ngoja kidogo, kijana," Mzee Castory akasema. "Bado napoa."

Mama mmoja kwenye mkeka alishindwa kujizuia, akacheka ndani ya kanga yake. Tadeo hakucheka. "Nitangoja, baba. Hata mpaka kesho."

Mzee akavaa miwani. Akatazama lile gari kimya, bomba zake mbili, paa lake jeusi lililong'aa, akamtazama binti yake, ambaye alikuwa amebana rozari mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

"Marahaba," akasema.

Pumzi ziliachiwa uani kote. Tadeo akapiga goti moja. "Baba, siku ile nilikusalimia nikiwa nimekaa, ukainama kwa ajili yangu. Sikujua ninachofanya, lakini kutojua si sababu. Naomba unisamehe."

"Nani kakufundisha kuja polepole?"

"Lea."

"Hm. Basi kafundisha vizuri kuliko nilivyofundisha mie wakatekumeni wangu wa ubatizo." Watu wakacheka, na safari hii mzee mwenyewe alicheka kidogo, kwa pembe ya mdomo. Kisha akainua mkono. "Kusamehe nimesamehe. Tumetoka kusali sasa hivi, nitafanyaje? Lakini nasikia unamtaka binti yangu. Maneno ya posa yana watu wake na siku yake. Leo nataka neno moja tu. Lea, njoo hapa."

Lea akaja, gauni la kijani, macho yamejaa. Akasimama kando ya Tadeo bila kumgusa.

"Umemchoka huyu?"

"Nimemchoka sana, baba," Lea akasema. "Ananichosha kila siku ya Mungu. Na ninamtaka huyo huyo."

"Alhamdulillahi!" Bi Mwanamkasi akasema kutoka kwenye kiti chake. "Mgongo wangu haukuumia bure."

Mzee Castory akamgeukia Tadeo. "Basi simama. Sema ahadi yako kwa sauti, jumuiya wasikie, hata wale wa kule kwenye migomba."

Tadeo akasimama. Alilitazama gari lake mara moja tu, akalipa mgongo, akamshika Lea mkono mbele ya watu wote, na sauti yake ikafika kwenye migomba na kuvuka.

"Mimi, Tadeo, mbele ya Mungu, mbele ya baba na mama, mbele ya Bi Mwanamkasi na jumuiya hii yote, naahidi: kila nitakapokuja kwenu nitakuja polepole tangu darajani, nitazima, nitashuka, na nitawasalimia nikiwa nimesimama. Na huyu Lea, mkinipa, hatasimamishwa mlangoni tena kwa ajili ya chuma. Kuanzia leo, chuma ndicho kitakachomngoja yeye."